Niliyempa Ubingwa Aliyeshika Mkia

Kwa nini aliyepata 81 awekwe chini ya aliyepata 68? Swali hilo lilinikaa kichwani katika ofisi ya jarida letu dogo la michezo, juu ya mkahawa wa Waarabu, Edgware Road, London. Majira yote ya joto, nikiwa kazini kwa majaribio, nilipanga picha za wanawake wanaocheza gofu ya kulipwa kule Sweden: nyasi, misonobari, ziwa, na wao wakitembea polepole kama watu walio ndotoni. Nami niliota pamoja nao, harufu ya shisha ikipanda dirishani.

Siku ya shindano la mwisho la msimu, Bi Salma, mkuu wangu kutoka Pemba, aliugua.

"Chapa matokeo kama yalivyokuja kwenye faksi," alinisisitizia kwa simu.

Mimi na shahada yangu, nichape tu bila kuhoji? Nikaipindua orodha nzima. Ingrid, aliyeshika mkia kwa hiyo 81, nikamwandikia "Bingwa", kwa picha kubwa na jina langu chini yake.

Jumatatu, siku ya kuamuliwa kama nitaajiriwa, Bi Salma aliliinua jarida mbele ya wote.

"Mwanangu, kwenye gofu mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Hukujua?"

"Sikujua, Bi Salma."

"Na kuuliza je? Chuoni hawafundishi?"

Ofisi nzima ikacheka. Kazi sikuipata.

Miaka mingi baadaye mpigapicha wetu wa zamani aliniambia kwamba Ingrid aliutundika ukurasa ule jikoni kwake. Hakuwahi kushinda shindano jingine.