Babu Alitajwa Kituoni

Juzi, kwenye kituo cha kuuzia majani chai karibu na Kebirigo, nilimwona mwanamume akimwaga kikapu chake mezani kwa viganja, kwa sababu vidole vyake havikunjiki tena. Mama aliyekuwa akichambua majani kando yake hakujizuia.

"Mwanangu, ni kweli ulikubali kwamba wewe ni gaidi?"

"Nilikubali, mama. Hata wangesema ni mimi niliyeleta mvua ya mawe iliyoharibu chai yako, ningekubali."

Polisi waliomhoji kituoni mwao walitaka pia majina ya wenzake. Hakuwa nao, na kipigo hakikukoma. Basi akamtaja babu yake aliyezikwa zamani, akiamini kwamba maiti hakamatwi.

Mama akaacha kuchambua. "Lakini si binamu yako ndiye aliyepewa jina la babu?"

"Ndiye. Wakaenda kumchukua."

Kwetu Gusii, mzee akifa jina lake halizikwi. Hupewa mtoto anayezaliwa. Maumivu yalikuwa yamemsahaulisha hata hilo.

Waliachiliwa wote wawili, bila hata pole. Ila kuna wakubwa wanaotuambia kwamba mateso hutoa ukweli upesi. Haya yalitoa maungamo mawili yaliyolingana kabisa, yote ya uongo.

Binamu mwenyewe alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Akakiokota kile kikapu kitupu, akamtundikia mwenzake mgongoni taratibu.

"Mimi simlaumu, mama," akasema. "Kofi la kwanza tu, nilianza kuwaeleza nisiyoyajua."