Jina Alilolikohoa Dorca

Selpha alitoka Sondu na darasa lake la saba, akaolewa mjini, mtaa wa Manyatta, katika chumba kimoja, na mwanamume aliyekuwa akifukuzana na wimbi lisiloonekana. Mchana Dalmas alifundisha hesabu. Jioni na Jumapili aliandika makaratasi ya chuo kikuu. Selpha aliyaelewa hivi: kuna kitu kidogo mno kinachosafiri kama wimbi, na njiani kuna kishimo chenye ncha kali mpaka hesabu zenyewe zinakatika. Dalmas alitakiwa kuonyesha kwamba wimbi likipita pale litatawanyika, lizidi kuwa jembamba kadiri muda unavyokwenda, na shimoni kisibaki kitu. Tangu mwaka wa themanini na tano, kila akipiga hesabu, kitu kilibaki.

Kisha mtoto akazaliwa, akalia. Alilia hadi akakataa titi, mashavu yakaanza kulegea.

Mama mkwe, Dorca, akaja kutoka Kisian na kuku kwapani. Kwao, mtoto akilia hivyo kuna marehemu wa ukoo anayedai jina. Wafu wanatajwa mmoja mmoja. Akitajwa mwenyewe, mtoto ananyonya. Dorca aliwataja wote, hata yule bibi aliyekanyagwa na kiboko. Mtoto alilia tu. Mezani Dalmas naye alinong'ona hesabu zake, ikafika mahali Selpha hakujua ni nani kati yao anaita wafu.

Dorca alichoka, akamuuliza mwanawe hayo makaratasi yanamsumbulia nini. Dalmas, ambaye hakuwahi kuulizwa na mtu, alieleza yote kwa furaha ya kutia huruma. Mama yake alisikiliza kama anayesikiliza kesi ya shamba.

"Shimoni kuna mtu," akasema. "Mtoe kwanza. Hao wengine watatawanyika wenyewe."

Dalmas aliyaandika maneno hayo pembeni mwa karatasi.

Selpha alikuwa ameona jambo. Kila Dorca alipofika kwa shemeji zake marehemu, alitaja mkubwa, akakohoa, akataja mdogo.

"Mama," alisema polepole, "huyo wa katikati ni nani?"

"Nyar Sondu, huyo hatumwiti," Dorca alijibu, akimwita binti wa Sondu kama kawaida yake.

Ikabidi aeleze. Ilisemekana Enos, huyo shemeji wa katikati, amezama ziwani. Wakamlilia, wakachinja, na watu walipokuwa wanakula akatokea njiani, mkavu kabisa, akiuliza nani amempikia mgeni kuku wake. Alipokufa tena, safari hii kweli, hakuna aliyelia kwa moyo. Walikuwa wanatazama njia. Tangu hapo jina lake halikutajwa, asije akasikia akarudi kula.

"Mtoto hanyonyi, Mama," Selpha alisema. "Akirudi nitampikia."

Dorca alitazama mlango, akatazama sufuria, kisha akasema kama mtu anayelipa faini, "Enos. Kama ni wewe, nyonya."

Mtoto akanyamaza. Akashika titi, akavuta kama mtu aliyelala njaa tangu matanga yale. Selpha alilia kidogo, bila sauti. Dalmas alizikata kurasa zake zote kwa mistari, akaanza upya na kile kilichonaswa shimoni, akikitaja kwanza na kukiweka kando. Na hesabu ikaanza kutembea.

Kesho yake Dorca, akijiandaa kurudi Kisian, alimfunga kuku miguu upya. Selpha akamuuliza kwa adabu kama huyo si kuku aliyeletewa mzazi.

"Ni wako," Dorca alisema, akimficha ndani ya leso. "Lakini huyo mtoto amekuwa akimtazama kuku huyu tangu asubuhi."