Karatasi ya Sigara Kwenye Fyuzi

Nakumbuka ilikuwa Jumamosi, saa kumi kasoro dakika tano jioni, kule Zagayu, msimu wa pamba. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nasubiri redio. Mwanangu, wewe hujazaliwa bado, na mimi niko kidato cha pili tu, usinicheke. Haya siwezi kumwambia mtu kwa mdomo, ndiyo maana nakuandikia.

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, baba anamnunulia tajiri mmoja wa Bariadi. Msimu mzima tunaishi ndani ya basi dogo, kuukuu, alilong'oa viti. Lina kitanda, jiko la mafuta ya taa, na taa na redio za kutumia betri ya gari. Godoro tulilishona wenyewe tukalijaza pamba, na waya wa redio unapita chini yake.

Fyuzi ya waya huo ilikuwa inaungua kila mara. Siku ile ikaungua tena, na mimi nilikuwa nimetuma kadi ya salamu, nataka kusikia jina langu likisomwa. Nikafanya kama nilivyoona madereva wakifanya: nikaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Redio ikaitika. Nikatoka kuosha sufuria, mdogo wangu Kabula, wa miaka miwili, amelala ndani.

Salamu hazijaanza, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kugeuka, moshi unatoka dirishani. Sitakudanganya, mwanangu: nilisimama tu. Sijui muda gani, na hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa. Kabula alipokohoa ndipo nikaingia, nikamvuta mkono mpaka nje.

Mzee Masanja, dereva wetu, alikuja mbio, akachomoa waya wa betri, akaliburuta godoro nje. Mama akalimwagia ndoo nzima ya maji.

"Limezimika," mama akasema.

"Mayu, pamba hiyo! Juu inakudanganya, ndani inakula," Mzee Masanja akamjibu mama. Akalichana. Ndani palikuwa pekundu kama makaa.

Baba aliporudi alifoka, "Ni yule fundi aliyetufungia redio! Kesho atanitambua." Nikarudi kwenye sufuria zangu. Mzee Masanja alikuwa na ile karatasi kiganjani. Baadaye akaniita pembeni.

"Fyuzi ikiungua inakuambia kuna waya umeumia. Wewe umeiziba mdomo. Mimi simwambii baba yako. Utamwambia wewe."

Basi mwanangu, fyuzi ikiungua tafuta kwanza waya uliochubuka, na ukikosa fyuzi ya saizi yake, kaa gizani. Waya usipite kwenye pamba wala nguo. Ukinusa moshi usisimame kama mimi, toa mtu kwanza. Mungu akupe pua kali na miguu myepesi, akuepushe na moto wa mkono wako mwenyewe.

Kesho yake asubuhi baba alikuwa anafunga kamba za viatu aende kwa fundi. Nikasimama mlangoni.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

Akaitika bila kuinua kichwa.

"Fundi hana kosa," nikasema. "Ni mimi."