Nilivyoruhusiwa Kufundisha Yoga

Siku hizi kila mtu ni mwalimu wa yoga. Ukiweza kuinama ukashika vidole vya miguu bila kuguna, na una simu inayopiga picha safi, basi umehitimu. Mimi nilichukua miaka mingi, na watu kadhaa wameniambia kwa upole kwamba huenda nina kichwa kizito.

Nilikuwa fundi wa nguo mjini Kitui. Kuinamia cherehani tangu ujana kuliniharibu mgongo, na dawa za kuchua zilinifanya ninuke tu. Mteja mmoja akanielekeza kwa mama wa Kihindi, mjane aliyezaliwa papo hapo Kitui na kuzeekea nyuma ya duka la misumari na mabati la marehemu mumewe. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na sote tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu. Alifundishwa yoga na baba mkwe wake, naye baba mkwe alifundishwa na mwalimu wake huko India, na huyo na wake, mnyororo mrefu wa watu waliofundishana ana kwa ana. Sharti kubwa la mnyororo huo lilikuwa moja: hufundishi mpaka mwalimu wako akuruhusu, na ruhusa hiyo haiombwi.

Kwa muda mrefu alinifundisha kupumua tu.

"Mwaitu, nimepumua tangu nizaliwe," nilimwambia.

"Ndiyo, na ona unavyoumwa," alijibu, akaenda kuangalia chai yake jikoni.

Nilianza pamoja na bwana mmoja aliyekuwa akiuza bima. Mwili wake ulikunjika kama mpira, na alilijua hilo kabla hujamwambia. Mwaitu alipotuambia tulale chali tufumbe macho, yeye alifumbua moja kuangalia kama anatazamwa. Haikupita miezi mingi akachoka na kupumua. Alikwenda pwani kwenye kozi fupi, akarudi na cheti, shanga shingoni na jina jipya la Kihindi. Mwaitu alipolisikia jina hilo alicheka hadi akakohoa.

"Hilo ni jina la mwanamke," alisema.

Bwana huyo akafungua kituo Malili, kando ya barabara kuu, ili watu wa Nairobi wafike bila kuchafua magari yao. Mimi nikabaki Kitui. Mgongo ukanyooka polepole. Nikajifunza mikao, nikarudishwa mwanzo, nikajifunza tena. Baadaye Mwaitu aliniacha niwasaidie wageni kunyoosha magoti, mradi nisiseme neno.

Siku moja yule wa Malili akanipigia simu. Aliandaa wikendi ya mapumziko ya roho na alitaka mtu wa kukaa naye mbele.

"Dada, wageni wanapenda mambo ya asili," alisema. "Wewe vaa leso, kaa kimya. Nitawaambia umetoka kwenye mnyororo wa zamani."

"Mnyororo huo si wewe uliukata?"

"Ndiyo maana nakupigia."

Nilimweleza Mwaitu nikitumaini atanikataza. "Nenda ukaone," alisema. "Lakini usifundishe."

Nilikuta wageni wamejipanga kwenye nyasi, kila mmoja na mkeka wake wa rangi na chupa ya maji kubwa kama ya mtu anayevuka jangwa. Na kulikuwa na mbuzi. Bwana huyu alikuwa ameona kwenye simu kwamba ng'ambo watu hufanya yoga na vitoto vya mbuzi vilivyooshwa. Yeye alikodisha mabeberu wa Ikutha, wanyama wa vichakani wasiojua adabu wala sabuni. Akagonga bakuli la shaba, akawaambia watu wafumbe macho wajisikie kuwa wamoja na viumbe vyote. Beberu mmoja akaanza kula mkeka. Mwingine akapanda mgongoni mwa kijana aliyepiga magoti, akajisaidia hapo hapo.

"Pokea uwepo wake," bwana alimwambia kijana yule, na kijana, msomi kabisa, akapokea.

Ningecheka mpaka leo kama mambo yangeishia hapo. Lakini aliwaamuru wasimame kwa kichwa. Mama mmoja alikuwa amemwambia asubuhi, nikisikia, kwamba shingo yake inamsumbua. Bwana akamfuata huyo huyo, akamwinua miguu juu. "Hofu iko kichwani tu," alimwambia. Mama akayumba, akaanguka kwa ubavu, akalia kwamba hasikii mikono yake. Bwana akamkamata makwapa ili amsimamishe.

"Mwache," nilisema. "Usimguse."

Nilipiga magoti, nikashika kichwa cha yule mama kisitikisike, nikamwambia apumue pamoja nami, taratibu, mpaka tumbo lijae. Alinikodolea macho na kunifuata. Tulibaki hivyo mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Baadaye nilisikia kwamba alivaa kola ya shingo kwa muda, kisha akapona.

Gari lilipoondoka, wageni walinizunguka. "Mwalimu, tuendelee na wewe."

"Mimi si mwalimu."

Walidhani ni unyenyekevu wa kiasili. Mmoja alianza kunirekodi. Nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu.

Mwaitu alikuwa akimenya chungwa nilipofika.

"Ulifundisha?"

"Nilimwambia mtu apumue."

"Hiyo ni kufundisha."

Nilijua nimefukuzwa. Akatoa mbegu polepole. "Walipotaka uendelee?"

"Nilikataa. Hukuniruhusu."

"Ulitamani?"

"Nilitamani kuwanyoosha shingo, wote. Kutazamwa sikutamani."

Akala kipande cha chungwa. "Kesho utaanza wewe. Miguu yangu imechoka."

Hakukuwa na shanga, wala jina jipya, wala picha. Nilitoka nje nikalia nyuma ya duka, nikijificha ili wateja wa misumari wasinione. Kesho yake alikaa katikati ya wanafunzi na kunikosoa kwa sauti mbele ya wote, na nikashukuru.

Yule wa Malili hakufunga kituo, msidhani. Aliwaondoa mbuzi akaleta ngoma. Nasikia sasa anafundisha walimu.

Mimi baadaye nilirudi nyumbani kwetu, upande wa Salama, nikaanza darasa katika chumba ninamoshonea. Haukupita muda mchungaji akatangaza madhabahuni kwamba yoga hufungulia mapepo mlango. Wanawake wa kwaya waliitikia amina, na siku iliyofuata wakaja kwangu kupitia mlango wa nyuma, kila mmoja na gauni la kupunguzwa ili akiulizwa awe na jibu. Sijawahi kuona magauni mengi hivyo yasiyohitaji kupunguzwa.

Hatimaye mchungaji akaja mwenyewe, na mzee mmoja wa kanisa.

"Hatuna shida na mazoezi," alisema. "Badilisha jina tu. Ita afya ya mgongo. Hata ukumbi wa kanisa tutakupa."

"Na mapepo?"

"Shida ni jina, mama."

"Mchungaji, nimepewa kazi hii pamoja na jina lake. Aliyenipa yuko hai. Nitamwambia nini, kwamba nimeibatiza ili nipate ukumbi?"

Nikawapa chai, wakaniombea kwa muda mrefu, wakaenda.

Jumapili iliyofuata alihubiri dhidi ya yoga tena, safari hii kwa kunielekezea kidole. Wanawake wawili wakaacha kuja. Waliobaki wakaona aibu, nadhani, si kwa ajili yangu, bali kwa visingizio vya magauni yale. Jumatatu walifika mikono mitupu, wakapita mlango wa mbele, wakavua viatu barazani mahali ambapo kila mpita njia angeviona.