Mbio za Pande Mbili za Minyaa

Bondia hapigwi na ngumi, anapigwa na pumzi yake mwenyewe. Hilo sikulisoma popote, maana shule niliiacha darasa la pili nikachunge ng'ombe wa baba yangu huko Singida. Nililijua ulingoni Mto wa Mbu, chini kule kwenye joto, mbele ya vibarua wenzangu waliopanda lori kutoka Karatu kuja kunishangilia. Raundi ya kwanza nilimwangusha yule kijana. Ya pili mikono ikawa mizito. Ya tatu nilisimama tu mdomo wazi, akanipiga alivyotaka. Nguvu nilikuwa nazo, tena nyingi. Kwenye shamba la kahawa nilikofanya kazi hakuna aliyenizidi kubeba magunia. Lakini gunia halikufundishi kupumua.

Aliyenifundisha alikuwa Mbulu mmoja wa Rhotia, Mwiraqw kama wenyewe wanavyojiita. Tulikuwa rika moja. Mwembamba, miguu mirefu, ngumi zake hazikutisha mtu. Ila hakuchoka. Tangu utoto wake alikimbiza mbuzi kwenye ile miteremko. Alinikuta nyuma ya kambi ya vibarua nikilipiga gunia la mchanga tulilolining'iniza kwenye mti wa mgrevilea, akakaa chini akanitazama, kisha akacheka.

"Wewe Mnyaturu unapiga kama mtu anayefukuza nyuki. Unapumua saa ngapi?"

"Nikimaliza."

"Ukimaliza utakuwa umelala chini, bwana."

Nilitaka kumpiga. Badala yake kesho yake nikamfuata.

Akawa ananipeleka barabara inayopanda lango la Ngorongoro. Miaka ile mpaka na Kenya ulikuwa umefungwa, magari ya watalii yalikuwa ya kuhesabu, kwa hiyo barabara ilikuwa yetu sisi na vumbi lake jekundu. Miguuni makatambuga ya tairi, begani hakuna kitu. Kanuni yake ilikuwa moja: kimbia huku unaongea. Ukishindwa kuongea, umekwenda mbio mno, punguza. Siku nyingi za juma zilikuwa hivyo, mwendo mrefu wa polepole, mpaka moyo unazoea. Siku chache ndizo zilikuwa za mlima wenyewe: unapanda kwa kasi yako yote kwa muda wa raundi, unashuka ukitembea, unapanda tena kabla moyo haujatulia sawasawa. Mtu asiyejua anafikiri pumzi inapatikana kwa kujiua kila siku. Vijana niliokuja kuwafundisha baadaye wengi wao walikuwa hivyo, siku ya kwanza anakimbia kama kichaa, juma la pili humwoni.

Kwa kuwa ilikuwa lazima tuongee, tuliongea kila kitu. Nilimsimulia kwetu. Yeye alinisimulia mkewe, kwamba ana mimba ya kwanza na usiku anataka ndizi mbivu, na Rhotia ndizi utazitoa wapi.

Na tuliongea Arusha. Huko ndiko timu ya mkoa ingechaguliwa kabla ya masika, na kila mmoja wetu angepigana katika uzito wake. Ukiingia timu ya mkoa vikosi vinakuona, jeshi, polisi, magereza. Unapewa kazi, unavaa sare, unaachana na jembe. Yeye alilitaka hilo kuliko mimi. Baba yao mzee alikuwa ameshawagawia shamba ndugu wengi, na kipande chake kilikuwa chembamba kama ulimi, kinateremka kutoka mlangoni pake mpaka korongoni. Hakikuweza kulisha mke na watoto. Alijua hivyo na mimi nilijua.

Mvua za vuli zilikuwa zimekwisha. Asubuhi moja nilimfuata nyumbani kama kawaida, nikamkuta mama yake amesimama njiani, mbali, amenyoosha mkono nisisogee.

"Ishia hapo hapo, mwanangu. Kwa mwenzako kuna metimani."

Mimba ya mkewe ilikuwa imeharibika. Kwa Wambulu, nyumba ikipatwa na jambo hilo inakaa peke yake. Hawachoti maji kisima cha watu. Hawakanyagi shamba la jirani wala njia ya wote, hawashikani mikono na mtu, ng'ombe wao hawachungwi pamoja na wa wengine. Hiyo ni miezi. Ukivunja, wanasema, unaubeba ule msiba unaupeleka kwa watu, na mvua inakataa kunyesha. Padri alikuwa akihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Watu walimsikiliza padri kanisani, wakirudi nyumbani wanawasikiliza mama zao.

Nilizunguka nikaenda kwenye mpaka wa kipande chake. Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa, mirefu kupita kichwa, kutoka juu mpaka korongoni. Upande wa huku palikuwa na shamba la mtu aliyehama, na mimi si Mbulu, hakuna aliyenikataza kusimama pale. Nikaita. Akaja upande wake. Sikumwona uso, niliona vipande vya shati tu.

"Pole, bwana."

"Asante. Mnyaturu, huu mteremko wangu umeuona?"

"Nauona."

"Unatosha."

Basi tukawa tunakimbia hapo, yeye ndani, mimi nje. Kasi kupanda, kutembea kushuka. Nilisikia makatambuga yake na pumzi yake, puani, bila haraka, na nilijipima kwa hiyo. Akitangulia nilisikia, akinisubiri nilisikia. Tulipochoka na mbio aliruka kamba ya kufungia ng'ombe, nami namwitia ngumi juu ya minyaa: kushoto, kulia, inama, rudi. Alikuwa anapigana na hewa katikati ya mahindi yake.

"Leo umekula nini?" ananiuliza tukipanda.

"Mlenda."

"Ndiyo maana unateleza."

Wakati mwingine nilimsikia mkewe akicheka huko nyumbani kwa maneno yetu. Kicheko kidogo, cha mtu asiye na damu. Hakupata nafuu. Kazi zote za nyumba zilikuwa za mume. Alichota maji kwenye kijichemchemi cha korongoni kwake, akapika, akakamua. Mama yake alileta unga akauweka mpakani, akaondoka kabla haujachukuliwa.

Juma moja kabla ya safari, yule mwanamke akashikwa na homa. Nilimwambia mwenzangu ampeleke zahanati.

"Nitapita njia ya nani?" akasema.

Nikaenda mimi. Mganga akanipa vidonge na kusema mgonjwa aletwe mwenyewe. Vidonge nilivirusha juu ya minyaa. Mgonjwa hakuletwa.

Siku ya safari nilifika alfajiri, begi mkononi.

"Lori linaondoka saa mbili. Pitia korongoni, uibukie barabarani. Nani atakuona?"

"Mama ataona."

"Mama yako atakusamehe."

"Sawa, mama atanisamehe. Na huyu ndani? Nikiondoka hakuna mguu wa mtu utakaoingia humu. Hainuki hata kunywa maji. Unataka nikapigane Arusha, nikirudi nimkute amekuwaje?"

Nililiweka begi chini.

"Nenda," akasema. "Ukifika raundi ya tatu, funga mdomo. Akikuona unapumua puani ataogopa."

Nilikwenda, na nilishinda. Sitajifanya mnyonge hapa. Kijana wa mjini, fundi kuliko mimi, amefundishwa na watu wenye kengele na glovu mpya. Raundi ya tatu alifungua mdomo. Mimi wangu nilikuwa nimeufunga. Nikachaguliwa. Kisha nikakaa kutazama uzito wa mwenzangu. Aliyeshinda alikuwa hoi raundi ya pili, ameegemea kamba. Yule rafiki yangu angemkimbiza mpaka akae mwenyewe. Sisemi hivyo kwa upendeleo, ngumi nazijua.

Niliporudi Rhotia nilikwenda moja kwa moja kwenye minyaa. Nikaita muda mrefu. Alikuja akitembea.

"Amefariki," akasema. "Tumemzika jana. Mimi na baba, naye sasa yumo metimani humu."

Wawili tu, kuchimba na kuzika, kwa sababu majirani hawakuweza kuingia. Walisimama mbali, juu barabarani, wakaimba nyimbo za kanisa kutoka huko.

Nilimpa pole. Nikasema mengine, siyakumbuki. Akaniuliza kama nilimaliza raundi zote, nikamwambia nimemaliza. Akaniuliza kama mdomo ulifunguka, nikamwambia haukufunguka. Akasema vizuri. Nikamwambia kuna mchujo mwingine mwakani, twende tukimbie kidogo, mwili usilale.

"Sasa mimi ni mgane," akasema. "Metimani inaanza upya, tena hii ndefu, mwakani itanikuta humu. Nikimbilie wapi?"

Nilipanda ule mteremko peke yangu, nikidhani atanifuata. Nilisikia pumzi yangu tu.

Magereza wakanichukua, wakanipeleka mbali. Watu wameniuliza kama ni mila iliyomuua yule mwanamke. Mimi mgeni, mila za watu sizitukani. Lakini ile homa ilikuwa na dawa, na zahanati ilikuwa mwendo wa asubuhi moja, na hilo nitalisema mbele ya mzee yeyote.

Nilikuja kukutana na yule rafiki yangu miaka mingi baadaye, nikiwa likizo, mnadani Karatu. Alikuwa amehamia Mang'ola, analima vitunguu vya watu. Tukanunua nyama, tukakaa. Nikamuuliza kama bado anakimbia.

"Pumzi ninayo," akasema. "Pa kuipeleka ndiyo sina."

Tukala. Lori la Mang'ola likapiga honi, akajifuta mikono, akaondoka bila haraka.