Jina Alilokwenda Nalo Babu Vitani

Nilitoka nyumbani kwa sababu ya matusi. Babu yangu Kioko alichukuliwa vita ya Bama, ile ya Waingereza na Wajapani, na hakurudi, na serikali ikasema haina askari wa jina hilo. Basi watu wa kijiji chetu, Muthetheni, wakamaliza wenyewe: Kioko alitoroka, akaoa huko mbele. Nyanya yangu Kavindu alizeeka akiambiwa hivyo kisimani. Mwaka huu mjukuu wangu akarudi na maneno hayo hayo kutoka shule. Nikasema, hapana. Naenda kuona wamemwandika wapi.

Jumanne, saa kumi na moja asubuhi, nikapanda pikapu ya jirani anayepeleka ndengu Nairobi. Binamu yangu Kalekye akapanda pia, bila kualikwa. Babu yake, Mutiso, alikuwa kaka mkubwa wa babu yangu. Huyo alikufa mzee, kitandani kwake, tukamzika na heshima zote.

"Unatafuta nini kwa wafu?" Kalekye akaniuliza.

"Jina. Na wewe?"

"Nitembee. Kwani Nairobi ni yako?"

Tulipofika Katelembo, njiani, jua lilikuwa limetoka, mahindi yamekauka yamesimama tu shambani. Kalekye, ambaye huongea kama redio, alikuwa akifunga na kufungua fundo la leso yake tu. Nikadhani anahesabu pesa.

Saa tatu tuliingia makaburi ya askari, Nairobi. Nyasi zimenyolewa fupi, mawe yako kwenye laini kama bado kuna mtu anawapigia kelele wasimame wima. Mlinzi akatoa kitabu kikubwa.

"Tunatafuta nani, shosho?" akaniuliza, kama mimi ni nyanya yake.

"Kioko, wa Machakos. Wa Bama."

Akapitisha kidole. Akarudia. "Hayuko, shosho. Pole."

Nikageuka niondoke. Ndipo Kalekye akasema, akiangalia chini, "Tafuta Mutiso."

"Mutiso gani? Si babu yako tulimzika sisi?"

"Tafuta tu, mwaitu, mama yangu."

Mlinzi akasoma: "Mutiso, wa Machakos. Mume wa Kavindu, wa Muthetheni."

Kavindu! Nyanya yangu! Mutiso hakuwahi kuwa na mke wa jina hilo.

Kalekye akalia akiwa amesimama. Akasema chifu alikuwa amemwandika Mutiso aende vitani, si Kioko. Askari walipokuja, Mutiso akajificha kwa zizi la mbuzi, na mdogo wake, Kioko, akaitikia jina la Mutiso. Mutiso mwenyewe alimwambia Kalekye siku ya kukata roho, akamwapisha asiseme.

"Na mkatuacha tutukanwe?"

"Tuliona aibu."

"Aibu yenu tumeibeba sisi!"

Mlinzi akatupeleka kwenye ukuta wa majina ya wasio na kaburi, lile jina la Mutiso limechongwa juu ya kichwa changu. Nikaliwekea kiganja. Kisha nikamwita babu kwa jina lake mwenyewe, Kioko, kwa sauti, mpaka watu wakageuka.

Jioni, tukirudi, Kalekye alitaka kushuka Machakos, alale kwa binti yake.

"Hushuki," nikamwambia.

Akakaa. Muthetheni soko lilikuwa bado limejaa. Akasimama mbele ya wauza mboga, akaanza kusema yote aliyoficha babu yake. Wengine wakasonya. Kaka yake akamwita mwenda wazimu. Hakunyamaza. Alisema mpaka mahali pa zizi la mbuzi.

Nilichojifunza ni hiki: babu yangu alitoa jina lake, alitoa na mwili wake, lakini mke wake hakukubali kumtoa: aliandikisha jina la Kavindu. Kalekye bado sijamsamehe sawasawa. Lakini pale sokoni, walipomsonya, nikamshika mkono, na sikumwachilia mpaka alipomaliza.