Kijiko cha Shangazi

Shangazi yangu ni mchapaji wa vidole viwili, macho kwenye vitufe, na subira hana. Asubuhi moja Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ya duka lake, ilijisasisha, ikavuruga mpangilio wa kibodi: akibonyeza A inatoka Q, akibonyeza W inatoka Z. Akanipigia simu mimi, fundi wa bure wa ukoo.

"Nakuja sasa hivi, shangazi."

Nilifika alasiri. Nikamkuta anachapa barua ya mteja bila kosa. Sikuuliza kitu. Aliponipisha kiti nikafungua mipangilio, nikarudisha kibodi ya zamani, nikajisifu.

"Haya, jaribu."

Akachapa mstari mmoja. Yakatoka madudu matupu.

Ndipo nikatazama vitufe. Alikuwa ameving'oa kwa mpini wa kijiko, akavipanga upya kufuata kompyuta inavyotaka. Nikakichukua kile kijiko nivirudishe.

"Weka chini!" akafoka. "Rudisha kompyuta ulivyoikuta, mteja anasubiri. Na siku nyingine ukiniambia unakuja sasa hivi, nitajua nitafute kijiko."